Swichi Nyekundu ya Baba

Juma lililopita nilitoka Kilwa, ile ya kando ya ziwa, ninakofanya kazi ya uuguzi, nikaja Lubumbashi kumsaidia Mama kuhama. Dada yangu amemshinda kwa maneno hatimaye, na Mama amekubali kuiacha nyumba ya kambi ambayo ameishi tangu aolewe. Sifa za barabara ya Kilwa nadhani umezisikia; niliposhuka garini nilikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Nilimkuta Mama sebuleni kati ya mabeseni na magunia, amesimama mbele ya kitu kilichofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Hata salamu hakunipa. Alisema tu, "Hii njo sijue tutaifanya namna gani."

Sikuwa na haja ya kufunua. Chini ya kitambaa kile kuna kompyuta ya Baba, au tuseme kilichobaki, yaani sanduku la chuma. Skrini, kibodi na printa viliondoka zamani, vikawa unga wa mahindi. Hata hivyo nilifunua, nikaligeuza sanduku, nikapapasa mgongoni mwake mpaka kidole kikagusa swichi ndogo nyekundu. Mama akaenda jikoni. Mimi nikakaa sakafuni na uchovu wangu wote wa safari, na mambo yale yakanirudia. Kaa nami kidogo nikusimulie, maana Mama hapendi kuyasikia, na dada alikuwa mdogo mno kuyakumbuka.

Wewe huenda ulikulia mahali penye jogoo au kengele ya kanisa. Sisi wa kambi ya wafanyakazi tulikuwa na king'ora cha kiwanda cha Kampuni cha kuyeyusha shaba. Kililia alfajiri, na Mama akawasha mbabula, lile jiko letu la makaa, uani. Kililia mchana, tukajua shule inakaribia kutoka. Kililia jioni, na mtaa mzima ukateleka maji ya bukari, ugali wetu, kwa wakati mmoja. Ukipita njiani baadaye ulisikia miiko ikigonga masufuria nyumba hadi nyumba. Moshi wa kiwanda ulikuwa na uchungu uliokaa ulimini. Nguo nyeupe zilipata madoa kambani, na lengalenga za Mama, mchicha wetu, ziliota majani yaliyotobokatoboka. Bibi alipokuja kututembelea alikohoa tangu asubuhi. Baba akamwambia moshi huo ndio unaowasomesha wajukuu zake, kwa hiyo akohoe kwa heshima.

Kisha Kampuni ikaanza kuanguka. Mishahara ilichelewa kwanza, halafu ikageuka kuwa gunia la unga, halafu nusu gunia, halafu ahadi. Vita vilitoka mashariki vikatupita, serikali ikabadilika, noti zikabadilika sura, na wanaume wa kambi wakaanza kukaa vibarazani mchana kweupe, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Baba alikuwa karani katika ofisi za Kampuni. Siku walipofungiwa ofisi waliambiwa kila mmoja achukue kitu badala ya haki yake. Wenzake walibeba mabati, baiskeli, hata milango pamoja na bawaba zake. Baba alirudi akisukuma mkokoteni wa kuazima, na juu yake kompyuta, ameizungushia koti lake la kazini isije ikatikisika.

"Benzako banaleta mabati," Mama alimwambia pale pale mlangoni, "weye unatuletea sanduku. Tutaikula na sombe?"

"Njo itatulisha," Baba akajibu. "Utaona."

Na kweli ikatulisha. Aliiweka sebuleni karibu na dirisha, akaandika kwenye kadibodi kwamba hapa tunapiga mashine, akaitundika nje. Walimu walileta mitihani yao. Wafanyakazi walioachishwa walileta barua za kudai haki zao, barua ambazo sidhani kuna mtu alizisoma. Walikuja wenye harusi, na kadiri mambo yalivyozidi kuharibika walikuja zaidi wenye misiba. Printa ilinguruma kama cherehani mpaka nikazoea kulala usingizi wa mchana kwa mlio wake. Mama, yule yule aliyeitukana, ndiye aliyeifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, na ole wako akukute umeshika kitambaa hicho na mikono yenye mafuta ya vitumbua.

Shida ilikuwa umeme, courant kama tunavyouita. Waya wetu ulitoka kwenye laini ya kiwanda: kiwanda kilikula kwanza, sisi tukapata makombo. Mchana balbu yetu iliwaka rangi ya chungwa lililoiva, ukaweza kuitazama usoni bila kupepesa macho. Kwa makombo hayo kompyuta ilikataa kuwaka kabisa. Baba aliizunguka siku kadhaa, akaisomasoma mgongoni, akagundua ile swichi nyekundu. Upande mmoja ni wa umeme mkubwa, huu unaotakiwa uwe wa kwetu. Upande wa pili ni wa umeme mdogo, wa nchi nyingine huko mbali. Baba akawaza hivi: kama courant yetu imekuwa ndogo, basi tuiambie mashine iko katika nchi ile. Akasukuma swichi kwa ncha ya bisibisi, akabonyeza kitufe, na kompyuta ikawaka. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Mwalimu wangu wa shule, aliyekuwa mteja wake mkubwa, alicheka mpaka akavua miwani, akasema Baba ameidanganya mashine.

"Masini haidanganyake," Baba akamwambia, "na haidanganywake. Miye nimeielezea tu hali yetu."

Kulikuwa na sharti moja. Jioni, king'ora kikilia, kiwanda kilipunguza moto wafanyakazi wapokezane zamu, na umeme uliobaki ukatumwagikia sote kwa mara moja. Mashine ikikutwa na umeme huo huku swichi iko upande mdogo, itaungua. Kwa hiyo king'ora kilipoanza tu, Baba alizima, akarudisha swichi upande mkubwa, akawasha tena. Saa ya mkononi alikuwa nayo lakini hakuiamini. Saa inaweza kulala, alisema, king'ora hakilalake. Nasi watoto, popote tulipokuwa, kwenye mpira wa matambara au kwenye foleni ya bomba la maji, tuliposikia king'ora tulipiga kelele pamoja kumkumbusha ile nyekundu: "Papa, rouge!" Hata watoto wa majirani walipiga kelele hiyo, bila kujua maana yake. Ulikuwa wimbo wa jioni wa mtaa wetu.

Ilikuwa alasiri moja ya kiangazi, wakati ule wa baridi na vumbi. Mwalimu amekaa kwenye kiti na kofia yake gotini, akisubiri mtihani. Baba anapiga mashine. Mama yuko uani anamenya karanga, nami nimekaa mlangoni nasuka nywele za mdoli wa magunzi. Jua lilikuwa bado juu, na hakukuwa na sauti yoyote ya king'ora. Ghafla balbu ikawa nyeupe. Hata jioni sijawahi kuiona vile maishani mwangu. Ilimulika hata pembe zenye utando wa buibui. Nje nikasikia nyumba baada ya nyumba zikishangilia, akina mama wakiitana kwamba courant imekuja, na Mama naye akapiga kigelegele na maganda ya karanga mapajani. Nikageuka kumtazama Baba. Alikuwa amenyoosha mkono nyuma ya sanduku, na mkono haukuwa umefika. Ukasikika mlio mkavu, pa, na moshi mwembamba ukatoka, na harufu yake siisahau.

Mtaa uliendelea kushangilia muda mrefu. Jioni ndipo tulipojua. Maji ya bukari yalichelewa kutelekwa kila nyumba kwa sababu kila mmoja alikuwa anasubiri king'ora, na king'ora hakikulia. Walikuwa wamezima tanuri. Wafanyakazi waliambiwa waende nyumbani alasiri ile ile, na umeme wote wa kiwanda ukaja kwetu, sisi tusiokuwa na kazi nao tena.

Baba aliingoja mashine ipoe, na kesho yake akaifungua. Nilikaa karibu yake nikishika kopo la nyanya lililokuwa na skurubu. Alikuwa na mpangilio wake. Kwanza akaangalia kama umeme unafika ukutani, kwa ile bisibisi yenye taa. Halafu waya. Halafu akafuta vumbi jekundu kwa unyoya wa kuku, akachomoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua miguu kwa kifutio changu cha shule, akavirudisha. Kisha akasogeza sikio, akabonyeza. Zamani, ikiwaka, ilikuwa inalia mlio mmoja mfupi kabla ya kuandika chochote, na alikuwa amenifundisha maana yake. "Ikilia mara moja, iko muzima. Ikilia mingi, iko na malalamiko. Ikinyamaza, njo mubaya." Ilinyamaza. Hata feni haikuzunguka.

Mwisho akafikia alimentation, kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme na kuugawa. Fyuzi yake ilikuwa nyeusi. Katika mji wa shaba huwezi kukosa uzi wa shaba. Akafunga unywele mmoja pale, akabonyeza, na nyumba yote ikazimika. Basi akajua. Tangu siku ile, kila aliyeuliza alijibiwa maneno yale yale: "Ni alimentation tu. Ingine yote iko muzima." Alisema hivyo kwa utulivu wa daktari, na watu walitikisa vichwa kwa huruma, wakidhani anajifariji.

Ushauri haukukosekana. Mwalimu alisema iwekwe juani, imeshika unyevu, nasi tukaitandikia mkeka kando ya mihogo, kuku wakatembea juu yake. Katekista alikuja akaiombea, akiwa ameweka kiganja juu ya kifuniko. Jirani mmoja alitaka ipigwe kofi moja la nguvu ubavuni, kama redio yake. Baba aliwaachia wote wafanye, isipokuwa mwenye kofi.

Nakuambia sasa kwa nini sikuwa nacheka. Baba mdogo, ndugu yake Baba, alikuwa amekwenda Kambove kuchimba mawe ya madini kwa mikono pamoja na wachimbaji wa huko, na alikuja kumwita kaka yake. Alikuja na redio mpya na kucha zilizovunjika. Usiku wa kwanza mashimo yanatisha, alisema, halafu unazoea. Baba alikataa. Yeye ni mtu wa bureau, wa kukaa ofisini, hajawahi kushika sururu. Lakini tulikuwa tumeshuka kula mara moja kwa siku, na mdogo wangu alikuwa analia hata usingizini. Nilikuwa uani Mama alipomuuliza, bila ukali wowote, "Papa, batoto batakula nini?" Baba akasema, "Ikilamuka, siendi." Mashine ikiamka. Kuanzia hapo kila asubuhi, kabla ya chai isiyo na sukari, Baba alibonyeza kitufe, na mimi nilisimama nyuma ya pazia nimefumba macho nikimwomba Mungu ule mlio mmoja. Sikuomba chakula. Niliomba ilie tu, baba yangu asiende.

Akakumbuka kwamba mkubwa wake wa zamani alikuwa na mashine ya aina ile ile nyumbani kwake Golf, mtaa wa matajiri. Tulikwenda kwa miguu, na alinichukua kwa sababu mwanamume mwenye mtoto hafukuzwi upesi getini. Golf ilikuwa na miti na ukimya. Mlinzi wa nyumba ile alikuwa amekaa nje peke yake, na nyuma yake tuliona madirisha yaliyobaki matundu.

"Patron alikwendaka zamani, papa," akasema. "Bantu bakaya, bakabeba yote. Ata hii kiti ninaikalia, iko yangu."

Baba alimshukuru kwa Kifaransa chake cha ofisini, akainua kofia. Njia nzima ya kurudi alinieleza majina ya miti.

Alibaki mfanyabiashara mmoja wa jumla, mtu wa Kivu, aliyekuwa na ghala la maharagwe na sabuni karibu na kambi yetu, mtu wa sala na wa neno lake. Baba alimchorea kile kisanduku kwenye karatasi na vipimo vyake, naye akaahidi kukiagiza kupitia kwa ndugu zake waliokuwa wakisafiri mbali kuleta bidhaa. Tuliishi kwa ahadi ile kiangazi chote. Baba angeweza kwenda Kambove wakati ardhi ni kavu, kama wengine, lakini alikuwa anangoja. Kisha vita vya pili vikaanza, mashariki ikakatika. Malori ya yule mtu hayakuja tena. Siku moja tulimkuta ghalani amekaa juu ya gunia moja lililobaki.

"Muniombee tu, papa," alimwambia Baba. "Ata mama yangu, sijue kama angali mzima." Baba akaona haya kumtajia kisanduku, akaanza yeye kumfariji.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Baba alituita sote sebuleni. Akabonyeza kitufe. Tulisubiri muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akazunguka nyuma, akasukuma swichi nyekundu kwa ukucha, akafunika sanduku kwa kitambaa, akakinyoosha pembe zote. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo aliniita hivyo siku zote. "Mama," akaniambia, "usiache muntu aguse rouge. Nimeiweka kwa ile ya ngufu. Courant yote inaweza kuya sasa." Akavaa viatu vyake vya ofisini, vyeusi, vilivyopigwa rangi, akaenda kupanda gari la Kambove.

Baba mdogo alirudi katikati ya masika, peke yake, na viatu vile mkononi. Bado vilikuwa vinang'aa. Alisema Baba alishuka shimoni pekupeku kila siku, na jioni alivifuta na kuviweka chini ya kitanda. Mvua ililainisha ardhi, shimo likajifunga, wakachimba mpaka wakachoka. Hatukuwa na mwili wa kuzika. Mama alivipokea viatu, akaviweka juu ya sanduku la kompyuta, na kwa muda wa matanga watu walikuja kukaa mbele ya vitu hivyo viwili.

Baada ya hapo anga yetu ikawa safi. Nguo nyeupe zilikauka nyeupe, na lengalenga za Mama zikanawiri majani mapana ambayo hatukuwahi kuyaona, nasi tukayala kila siku mpaka tukayachukia. Balbu iliwaka vizuri miezi michache, kisha hata hiyo laini ikaibwa nyaya zake, tukakaa gizani miaka mpaka ilipovutwa nyingine. Watoto wa kambi walikua wasijue kama kulikuwa na king'ora. Mwalimu alihama, ghala la yule mtu wa Kivu likawa baa, na Mama akauza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, mpaka nikamaliza shule. Nimekaa miaka mingi Kilwa, kando ya ziwa, na hadi leo jua likikaribia kuzama natulia kidogo nikisikiliza. Sina ninachosubiri. Mtoto akipiga kelele jioni mbali, moyo wangu huruka kabla sijauzuia.

Sasa nimalizie. Shemeji yangu, mume wa dada, ana meza ya kutengeneza simu na kompyuta sokoni. Ni kijana mchangamfu, hakumjua Baba. Alikuja kubeba magunia, akaona sanduku, akalipigia goti akalichungulia kwa furaha ya mtu aliyekutana na mzee wa heshima. Aliuliza kama anaweza kulijaribu. Nikamwambia hapana, halafu nikamwambia ndiyo. Siku hizi zile alimentation za zamani zinalala sokoni kwa malundo, zinakuja ndani ya makontena pamoja na takataka nyingine za Ulaya, na watoto huzifungua kwa ajili ya sumaku. Jana, siku ya mwisho ya Mama katika nyumba ile, shemeji alileta moja ndani ya koti lake. Alifungua kifuniko, akachomoa ile iliyoungua, akapachika yake. Mama alikuwa jikoni ameteleka maji.

Niliangalia swichi ya hiyo mpya mwenyewe, nikaangalia tena. Kisha nikabonyeza.

Feni ikakohoa vumbi jekundu, ikazunguka. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Halafu sanduku likalia, mara moja tu, mlio mfupi.

Mama alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Alitazama taa ile ya kijani, akatazama kile kitu cheusi kilichoungua kikiwa sakafuni, kisichozidi ukubwa wa tofali.

"Ilikuwa ile tu?" akauliza.

"Ile tu, mama," shemeji akajibu akitabasamu. "Ingine yote iko muzima."

Nilitaka kumziba mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mama akasema, "Zima," akarudi jikoni, kwa sababu maji ya bukari yalikuwa yamechemka.